Kiwango cha kuchemka cha myeyusho: kipimajoto kinasoma nini hasa?

Hidrojeni kloridi ni gesi. Ikipozwa mpaka ikawa kimiminika, huchemka kwenye nyuzi 85 chini ya sifuri katika skeli ya Selsiasi. Maji, kama kila mtu ajuavyo, huchemka kwenye nyuzi 100. Sasa iyeyushe gesi hiyo ndani ya maji mpaka ichukue karibu asilimia 20 ya uzito wote, kisha chemsha. Kipimajoto kitatulia kwenye nyuzi 108.6. Mtu angetarajia jibu liangukie mahali fulani kati ya namba mbili za mwanzo, lakini limezipita zote.

Ndiyo maana swali ambalo wanafunzi wa maabara huliuliza kila mara, "kemikali hii ikiwa ndani ya maji inachemka kwa nyuzi ngapi?", haliwezi kujibiwa jinsi lilivyo. Kemikali ikishayeyuka haichemki peke yake, na maji nayo hayachemki peke yake. Kinachochemka ni myeyusho mzima, na joto lake la kuchemka linategemea ni kiasi gani kimeyeyushwa, kilichoyeyushwa kina tabia gani, na hewa ya mahali hapo inakandamiza kwa nguvu kiasi gani. Namba isiyoambatana na mambo hayo matatu haimsaidii mtu yeyote.

Tuanze na kuchemka kwenyewe. Molekuli za kimiminika chochote hutoroka juu ya uso wake na kuwa mvuke, na mvuke huo una mgandamizo wake. Joto likipanda, mgandamizo wa mvuke unapanda pia. Siku zote hewa ya nje inaukandamiza uso wa kimiminika. Mvuke unapofikia nguvu sawa na hewa ya nje, mapovu yanaweza kujitokeza ndani kabisa ya kimiminika bila kubanwa yakapotea, na hapo ndipo tunasema kinachemka. Kwa maji safi hilo hutokea kwenye nyuzi 100 hewa ikiwa na mgandamizo wa kilopaskali 101.325, ambao ndio wastani uliokubalika wa usawa wa bahari.

Sasa yeyusha ndani ya maji hayo kitu kisichotoa mvuke wake wenyewe: chumvi, sukari, urea. Molekuli za maji zinazotoroka zinapungua, kwa hiyo mgandamizo wa mvuke unashuka. Mwaka 1887 Mfaransa François-Marie Raoult alieleza kanuni ya mshuko huo, kwamba unalingana na uwiano wa chembe zilizoyeyushwa kwa chembe zote zilizomo. Mvuke ukishuka, inabidi uongeze joto kidogo ili ufikie tena nguvu ya hewa ya nje. Joto hilo la nyongeza ndilo tunalolitafuta.

Kwa maji, nyongeza hiyo ni nyuzi 0.512 kwa kila moli moja ya chembe (moli ni kipimo ambacho wakemia hutumia kuhesabia chembe) katika kilo moja ya maji. Namba hii haikuokotwa barabarani. Unaweza kuikokotoa kutokana na joto linalohitajika kuyageuza maji kuwa mvuke, na ukipima kwa uangalifu unaipata ileile. Kinachoshangaza ni kwamba haijali chembe hizo ni za kitu gani. Gramu 342 za sukari ya kawaida katika kilo moja ya maji zinapandisha kwa nyuzi 0.51. Gramu 60 za urea, kiwango hichohicho. Uzito unatofautiana karibu mara sita, lakini idadi ya molekuli ni ileile.

Chumvi ya mezani ndiyo iliyoleta ubishi. Moli moja yake ni gramu 58.4, na ungetegemea nyuzi 0.51 kama wenzake. Inapandisha karibu mara mbili. Mholanzi Jacobus van 't Hoff aliingiza kwenye hesabu namba ya kuzidishia ili kuuziba mwanya huo, na Svante Arrhenius wa Uswidi akatoa sababu: chumvi ikiingia majini hugawanyika kuwa ayoni mbili, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ya sodiamu na ya kloridi, kila moja ikihesabiwa chembe kamili. Wakemia wengi wa wakati ule hawakuamini kwamba kitu kinaweza kugawanyika chenyewe kwa kutiwa tu majini, na vipimo vya aina hii, vya kuchemka na vya kuganda, ni miongoni mwa ushahidi uliowageuza. Kloridi ya kalsiamu inatoa ayoni tatu. Kwenye myeyusho mzito hesabu hupinda kidogo kwa sababu ayoni huvutana, kwa hiyo ile 0.512 itegemee zaidi pale myeyusho ulipo mwepesi.

Angalia basi ukubwa wa kile tunachokipima. Nusu nyuzi. Nyuzi moja. Hata chumvi ikijazwa mpaka maji yakatae kuyeyusha zaidi, myeyusho huo huchemka karibu na nyuzi 109 tu. Kipimajoto cha kawaida cha shule kina mistari ya nyuzi moja moja, na mtengenezaji wake haahidi usahihi zaidi ya huo. Ugumu wote wa kazi hii unatokana na hapo: karibu kila kosa unaloweza kulifanya lina ukubwa uleule wa kitu unachokitafuta.

Ncha ya kipimajoto ikae wapi?

Hapa ndipo watu wazuri huharibikiwa, na nitakaa hapa kidogo.

Maelekezo ya kupima kiwango cha kuchemka cha kimiminika safi husema ncha ya kipimajoto ikae kwenye mvuke, juu ya kimiminika, isikiguse. Ni maelekezo sahihi kwa kimiminika safi. Mvuke unapoa juu ya ncha na kuwa tone, tone na mvuke vinasawazishana, na joto la usawa huo ndilo hasa kiwango cha kuchemka. Mwanafunzi aliyezoea hivyo anachukua myeyusho wa chumvi unaochemka kwenye nyuzi 104, anaweka kipimajoto kwenye mvuke kama alivyofundishwa, na anasoma 100. Anaandika kwamba chumvi haikubadilisha kitu.

Kipimajoto hakikukosea. Chumvi haitoki pamoja na mvuke, kwa hiyo tone lililotokana nao kwenye ncha ni maji matupu. Ncha imevikwa maji safi yaliyozungukwa na mvuke wa maji, na maji safi husawazishana na mvuke wake kwenye nyuzi 100. Mvuke ulipokuwa unaachana na myeyusho ulikuwa na joto zaidi ya hapo, lakini ukifika kwenye ncha iliyolowa habari hiyo inapotea. Umepima maji, tena kwa usahihi kabisa.

Basi tuizamishe ncha ndani ya myeyusho. Tatizo la kwanza tumelikwepa, ila tumeyavuta mengine mawili. La kwanza ni kina. Maji yaliyo chini yanabeba uzito wa maji yaliyo juu, na sentimita 10 za maji zinaongeza karibu kilopaskali moja, ambayo inapandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 0.27. Hiyo ni zaidi ya nusu ya kile ambacho moli nzima ya sukari ingekupa. La pili ni kwamba kimiminika kinaweza kupita kiwango chake cha kuchemka bila kuchemka. Povu haliwezi kuanza kutoka patupu; linahitaji mkwaruzo, vumbi, au kijishimo chenye hewa. Ndani ya chupa ya kioo laini iliyooshwa vizuri, maji yanaweza kupanda nyuzi kadhaa juu ya mia huku yametulia, kisha yakalipuka kwa povu moja kubwa na kurukia nje. Vipande vidogo vya kauri yenye vitundu huzuia hilo kwa kuyapa mapovu mahali pa kuanzia. Vitiwe kabla moto haujawashwa. Kuvitupia ndani ya kimiminika ambacho tayari kina joto kupita kiasi ni kukiamrisha kilipuke usoni pako. Myeyusho ukipoa katikati ya kazi, tia vipande vipya, maana vile vya zamani vitundu vyake vimekwisha kujaa maji.

Kwa hiyo kwenye mvuke unasoma chini ya ukweli, na ndani ya myeyusho unasoma juu yake. Aliyelifungua fundo hili ni Mmarekani Frederick Cottrell, mwaka 1919, kwa kifaa ambacho kwa maoni yangu ni miongoni mwa vilivyobuniwa kwa akili zaidi katika kemia yote ya vioo. Chini, ndani ya chupa, kuna faneli ndogo iliyofunikwa kifudifudi juu ya mahali mapovu yanapozaliwa. Mapovu yakipanda kupitia shingo nyembamba ya faneli yanabeba myeyusho pamoja nao, na kuumwagia juu ya ncha ya kipimajoto iliyo kwenye mvuke, juu kabisa ya uso wa kimiminika. Ncha inaogeshwa na utando mwembamba wa myeyusho wenyewe, si maji yaliyotokana na mvuke. Utando huo hauna kina, kwa hiyo hakuna uzito wa maji juu yake, na unapoteremka ndani ya mvuke joto lake la ziada linatoka mara moja. Hakuna mota wala umeme. Kuchemka kwenyewe ndiko kunakosukuma.

Kama huna kifaa hicho, zamisha ncha kiasi cha kufunikwa tu, tia vipande vya kauri, chemsha kwa moto wa wastani usiobadilika, na ukubali kwamba namba yako ina shaka ya sehemu kadhaa za kumi ya nyuzi. Kwa kulinganisha chumvi na sukari darasani hiyo inatosha.

Hewa, mvuke unaopotea, na kipimajoto chenyewe

Karibu na nyuzi 100, kila kilopaskali moja ya mabadiliko ya hewa inasogeza kiwango cha kuchemka cha maji kwa nyuzi 0.28. Hali ya hewa ikibadilika kwa hektopaskali 10, yaani kilopaskali moja, jambo la kawaida kabisa katika nchi nyingi, umepoteza au umepata robo nzima ya nyuzi bila kugusa kitu. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka karibu na nyuzi 95. Daniel Fahrenheit, fundi wa vipimajoto, aliliona jambo hili mapema katika karne ya 18, na baadaye wapimaji wa milima walilitumia kinyumenyume: walichemsha maji njiani, wakasoma joto lake, wakajua wamefika mwinuko gani. Kwao kilikuwa kipimo. Kwetu ni kero.

Dawa yake ni kutopima myeyusho peke yake kamwe. Chemsha maji safi kwanza, katika chupa ileile, kwa kipimajoto kilekile, kwa moto uleule, saa hiyohiyo. Andika namba. Kisha tia kemikali uliyoipima kwa mizani, chemsha tena, andika. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo matokeo yako. Mgandamizo wa hewa ukiwa umeshusha namba ya kwanza kwa nyuzi tano, umeishusha ya pili kwa karibu kiasi hichohicho, na hesabu ya kutoa inafuta yote. Inafuta pia kosa la skeli ya kipimajoto, na lile la sehemu ya zebaki inayobaki nje kwenye hewa baridi. Hili la mwisho watu hulidharau. Kwa kipimajoto cha zebaki, ikiwa nyuzi 60 za safu yake ziko nje ya chupa na hewa ya nje iko kwenye nyuzi 30, zebaki hiyo iliyo baridi haijatanuka vya kutosha, na usomaji unapungua kwa karibu nyuzi 0.67.

Mjerumani Ernst Beckmann alilifuata wazo hilo la tofauti mpaka mwisho. Kipimajoto chake, cha miaka ya 1880, hakijui nyuzi 100 ni nini. Kina ncha kubwa yenye zebaki nyingi, na skeli yote ni nyuzi tano au sita tu zilizotandazwa kwa urefu, kila nyuzi ikigawanywa mara mia, na kwa lenzi unakadiria hadi elfu moja ya nyuzi. Juu kuna kihifadhi cha kuongezea au kupunguzia zebaki, ili skeli hiyo fupi uihamishie kwenye joto unalolitaka. Leo vipimajoto vya umeme vya platini hufanya kazi hiyo bila zebaki. Vile vya bei rahisi huonyesha desimali mbili kwenye kioo hata kama sakiti yake haina usahihi wa desimali moja, navyo vimewapoteza wengi.

Halafu kuna maji yanayotoweka. Tuseme umeanza na gramu 200 za maji na gramu 11.7 za chumvi, yaani moli moja kwa kilo. Chupa iko wazi, na ukingoja usomaji utulie gramu 20 za maji zimeshakwenda na mvuke. Chumvi yote ipo bado, kwa hiyo myeyusho sasa una moli 1.11 kwa kilo na umepanda kwa takriban sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Utauona usomaji ukitambaa juu polepole, hautulii. Unachohitaji ni bomba la kupozea mvuke likiwa limesimama wima juu ya chupa, ili mvuke ugeuke maji na kudondokea ndani. Hata hivyo maji kidogo yatakuwa hewani na kwenye kuta za kioo wakati wote, kwa hiyo usifanye kazi hii na kimiminika kichache mno.

Kuna hali moja ambayo usomaji unatulia wenyewe hata chupa ikiwa wazi: myeyusho ulioshiba, chumvi isiyoyeyuka ikiwa imelala chini. Maji yakipungua, chumvi ya ziada inashuka kuungana na iliyoko chini, na kiasi cha chumvi iliyoyeyuka katika kila kilo ya maji hakibadiliki.

Namba hii inatumika kufanyia nini

Zamani ilitumika zaidi kujua uzito wa molekuli ya kitu kisichojulikana. Tuseme umeyeyusha gramu 9 za unga fulani katika gramu 100 za maji, na kiwango cha kuchemka kimepanda kwa nyuzi 0.256. Gawanya kwa 0.512, unapata nusu moli kwa kilo. Lakini gramu 9 kwa gramu 100 ni sawa na gramu 90 kwa kilo. Basi gramu 90 ni nusu moli, na moli moja ni gramu 180. Huo ni uzito wa glukosi.

Sasa kosea kwa sehemu moja tu ya kumi ya nyuzi. Ukisoma 0.356, jibu linakuwa 129. Ukisoma 0.156, linaruka hadi 295. Unga ni uleule. Hesabu hii peke yake inaeleza kwa nini Beckmann alihangaika na elfu za nyuzi, na kwa nini nilitumia nafasi kubwa hivyo kwenye mahali pa kuweka ncha.

Yote hayo ni kwa vitu visivyotoa mvuke. Ethanoli ina sheria nyingine, kwa sababu yenyewe inachemka kwenye nyuzi 78.4 na mvuke wake unajumlishwa na wa maji. Myeyusho wa asilimia 10 ya uzito huchemka karibu na nyuzi 92, na mvuke unaotoka una ethanoli nyingi mara kadhaa kuliko kimiminika kilichobaki. Kwa hiyo kimiminika kinazidi kuishiwa ethanoli, na kiwango chake cha kuchemka kinapanda kila dakika kuelekea mia. Mtu akikudai namba moja hapo, mpe mchoro: kila mchanganyiko na joto lake.

Isipokuwa mahali pamoja. Ethanoli ikifika asilimia 95.6, mvuke na kimiminika vinakuwa na mchanganyiko uleule, na vinachemka pamoja kwenye nyuzi 78.2 bila kubadilika mpaka tone la mwisho. Mchanganyiko wa namna hii huitwa azeotropu. Ile hidrojeni kloridi ndani ya maji tuliyoanza nayo, yaani asidi hidrokloriki ya nyuzi 108.6, ni azeotropu pia, ila ya upande wa juu, inayochemka juu ya vitu vyake vyote viwili, na ilikuwa imara kiasi kwamba wakemia waliitumia kama kipimo cha kulinganishia myeyusho mingine. Asidi nitriki safi huchemka kwenye nyuzi 83, lakini ikiwa asilimia 68 ndani ya maji inahitaji karibu 121. Ubaya wa azeotropu ni kwamba usomaji wake unatulia kama wa kitu safi, na asiyejua huandika kwamba ameipata kemikali yake. Ukitaka kiwango cha kuchemka cha kemikali yenyewe, maji yaondoke kwanza, na mara nyingi kukeneka (kuchemsha na kuukusanya mvuke) peke yake hakuwezi kuyamaliza.

Kwa sababu hizo, daftari la maabara linapaswa kubeba uzito wa kemikali na uzito wa maji kwa gramu, usomaji wa maji safi, usomaji wa myeyusho, mgandamizo wa hewa, na mahali ncha ilipokaa. Tumia uzito wa maji, usitumie ujazo wa myeyusho. Mililita hutanuka kwa joto, gramu hazitanuki.

Na vipo vitu visivyofaa kuchemshwa kabisa. Bikabonati ya sodiamu huachia kaboni dioksaidi kabla maji hayajachemka, na mapovu yake unaweza kuyadhania kuwa ni mchemko. Hidrojeni peroksidi iliyo kali huweza kulipuka. Protini huiva. Kwa vitu kama hivi watu hugeukia upande wa pili wa kipimajoto: kilichoyeyushwa hushusha pia kiwango cha kuganda cha maji, tena kwa nyuzi 1.86 kwa kila moli katika kilo, zaidi ya mara tatu ya 0.512. Hakuna mvuke unaopotea, na mabadiliko ya hewa ya kila siku hayaonekani kabisa kwenye usomaji. Mashine za hospitali zinazopima wingi wa chembe zilizoyeyuka kwenye damu na mkojo kwa kawaida hugandisha sampuli ndogo na kusoma joto la kuganda.